Nilipolala Chali Moyo Ukakimbia

Makongeni, Thika
Jumapili alasiri

Mwanangu Rukia,

Umetoka kwenda kuagana na wenzako, nami nimekaa hapa jikoni na daftari la zamani la Hamisi, kwenye kurasa alizoziacha tupu. Kesho saa nne mama mkwe wako anakuja kukuchukua akupeleke Ruiru, ukakae naye mpaka ujifungue, kwa kuwa Idi na lori lake hawakai nyumbani. Mambo ya nguo na kadi ya kliniki sitayaandika. Hayo tumeyasema mpaka umechoka. Naandika kwa sababu ya maneno niliyokuambia Ijumaa, ambayo tangu yanitoke sijapata raha.

Ulikuwa umekaa kwenye kochi, mikono juu ya tumbo. Ukasema wiki iliyopita ulikwenda kumsalimia mama Idi, akakupikia wali na maharagwe, ukala ukashiba, akakuambia ujilaze kidogo. Ulipojilaza moyo ukaanza kwenda mbio, jasho likakutoka, macho yakaingia giza, ukadhani unakufa. Ulipoinuka yakaisha. Halafu ukateremsha sauti kana kwamba yeye mwenyewe yuko nyuma ya mlango: "Mama, nadhani ananiwekea kitu."

Nami sikukuuliza ulikuwa umelala vipi. Nilikuambia, "Usile tena cha mkono wake. Jifanye una kichefuchefu. Kula vitu vya kununua."

Rukia, nilikuwa najua. Kabla hujamaliza kusema, nilishajua ni nini kilichokupata, maana kilinipata mimi. Na bado yale ndiyo yaliyonitoka mdomoni. Usiku ule uliniita uniombe maji, nikajifanya nimelala kwa aibu.

Sasa nikuambie habari ya shangazi yako Zainabu. Ulipokuwa na miaka kumi na mitano aliishi nasi hapa miezi miwili, kisha siku moja ukarudi kutoka shule ukakuta hayupo. Ulilia. Nikakuambia amepata kazi ya haraka Ruiru. Hakukuwa na kazi yoyote. Mimi nilimfukuza.

Ilikuwa mwaka wa tisini na moja, nina mimba ya Hamisi. Kati yako na Hamisi nilipoteza mimba mbili, hilo unalijua, lakini hujui watu walivyoniambia. Kila aliyekuja kunipa pole aliinama sikioni akaniambia kuna mkono wa mtu. Hakuna aliyetaja mkono wa nani. Waliniachia mimi nitafute. Nikaanza kutazama watu. Nani ameshika tumbo langu, nani amesifu mtoto wa watu huku akinitazama, nani ameomba chumvi saa mbaya. Mimba ya Hamisi ilipofika mwezi wa saba ikiwa bado ipo, sikufurahi. Niliona kwamba sasa ndipo huyo mtu atakapokuja.

Na aliyekuja alikuwa Zainabu.

Baba yako ndiye aliyemwita. Miguu yangu ilikuwa imevimba, nimeshaacha kazi ya kusimama kutwa kukata mananasi kiwandani, na hakuna wa kunisaidia kufua. Zainabu alikuwa na miaka ishirini na miwili, kama wewe sasa. Alikuwa ameposwa na kijana fundi viatu wa kwao Ruiru, barua imeshajibiwa, wanangoja tu mfungo uishe. Alikuwa mwepesi wa mikono na mzito wa maneno. Hilo la pili lilinitia shaka siku ya kwanza. Nilijiuliza, msichana mwenye furaha ya harusi, mbona hasemi?

Kila siku saa kumi alinipikia uji wa wimbi, akaukamulia ndimu. Nilikunywa nikaenda kujilaza kitandani, chali, miguu juu ya mto, maana hivyo ndivyo kiuno kilivyopata nafuu. Hazikupita dakika tano moyo ukaanza. Haukuwa moyo wa mtu aliyeogopa. Ulikuwa unakimbia wenyewe, mimi nimelala tu natazama mabati. Jasho likanitoka hata kwenye nyayo, chumba kikawa kama kinazama. Nikajivuta nikaketi, taratibu ukarudi.

Kesho yake, uji, kitanda, moyo. Siku ya tatu hivyo hivyo. Nikasema, nimempata.

Nikafanya ujanja. Siku ya nne nilipokea kikombe nikamshukuru, alipotoka nikaumwaga wote kwenye shimo la bafu. Nikaenda nikalala. Moyo ukakimbia vile vile.

Hapo, mwanangu, mtu mwenye akili timamu angesema, basi si uji. Nami nilikuwa na akili zangu, nimesoma mpaka darasa la saba, nilikuwa naongoza zamu ya wanawake kiwandani. Lakini nilichosema ni hiki: kumbe ameweka na kwenye kitanda. Nikageuza godoro, nikakung'uta mito, nikanusa shuka. Sikukuta kitu, na ndipo nilipoamini zaidi, kwamba ameficha vizuri.

Siku moja alinikuta katika hali ile, natweta. Akatupa nguo alizokuwa anakunja akaja akanishika bega. "Wifi, usilale chali. Geuka ulale kwa ubavu wa kushoto. Marehemu bibi alikuwa akisema mimba ikishakuwa kubwa, chali si pazuri."

Unakijua kitanda changu, kinagusa ukuta upande wa kushoto. Nikigeukia kushoto uso unatazama ukuta, mgongo unatazama mlango. Nikawaza, kwa nini anataka nimpe mgongo? Anataka kuingia na nini ambacho hataki nikione? Nikamwambia, "Niache nilale ninavyotaka kwenye nyumba yangu." Nikabaki chali, macho mlangoni, moyo unanipiga mpaka masikioni, kwa sababu tu yeye ndiye aliyesema nigeuke.

Baada ya hapo nilimfuata kwa macho kutwa nzima. Nikagundua kwamba asubuhi na jioni hujificha nyuma ya bafu. Nikachungulia. Nikamwona anatoa kifuani kichupa cha kahawia, anamimina unga mweusi kiganjani, anaulamba, anakirudisha haraka kama mwizi. Nilipoona vile karibu nicheke. Nilikuwa na haki! Siku zote zile nilikuwa na haki.

Jumatano, wewe uko shule, baba yako kazini, Zainabu akaenda kuoga akaacha nguo zake juu ya kamba. Nikachukua kichupa. Sikumngoja ndani. Nilitoka nacho uani, pale bombani, ambapo wanawake wa ploti nzima walikuwa wanafua, na alipotoka na kanga yake ya kuogea nikakiinua juu.

"Zainabu, hii ni nini?"

Alisimama. Akatazama kile kichupa, akawatazama wale wanawake, akanitazama mimi. "Nirudishie, wifi. Tafadhali. Twende ndani nikuambie."

"Sema hapa. Unayonitilia kwenye uji, sema hapa watu wasikie."

"Si ya uji. Wallahi si ya uji. Twende ndani."

"Mimba mbili zimekwenda! Hii ya tatu unaitakia nini?"

Mama Njoki wa mlango wa pili aliinuka na mikono ya povu. "Ngai, Mama Rukia, wachana na huyo msichana. Si unaona vile anatetemeka?"

Kweli alikuwa anatetemeka, na pumzi yake ilikuwa imeanza kutoa mlio kama filimbi iliyoziba. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mabega yanapanda na kushuka. Mimi nikaona hiyo ndiyo dalili, kwamba ubaya wake unamkaba. Mama Njoki alimpa maji. Alipopata sauti alisema, polepole, mbele ya wote:

"Ni habbasoda. Ni dawa ya kifua. Nina pumu tangu utoto."

Nikamwambia, "Kama ni ya kifua, kwa nini unaificha?"

Alikuwa amenijibu tayari aliponiomba twende ndani, ila nilikuwa sitaki kusikia. Alificha kwa sababu watu wa mchumba wake hawakujua. Mama yake mzazi alimwambia asiseme mpaka aolewe, maana watu huogopa kuoa mgonjwa. Alivaa, akafunga mfuko wake, akaondoka kabla ya adhuhuri. Hakunitukana. Baba yako aliporudi aliuliza dada yake yuko wapi, nikamweleza. "Umemfukuza Zainabu kwa kichupa," akasema. Akasukuma chakula. Mimi nikashuku kwamba na yeye wamemlisha kitu.

Mwezi haukuisha, habari zikafika Ruiru kabla ya mtu kuzipeleka. Wengine walisema yule binti ni mgonjwa wa kifua. Wengine walisema ni mshirikina, alifumaniwa Thika na dawa ya kuua mimba ya wifi yake. Watu wa yule kijana walichukua lile lililowafaa. Posa ikavunjika.

Na moyo wangu? Zainabu ameondoka, uji napika mwenyewe, shuka nimefua kwa maji ya moto, na kila nikilala chali moyo unakimbia. Wiki nzima. Mwishowe ilikuwa hofu ya kumpoteza mtoto iliyonipeleka kliniki. Sikwenda kwa ajili ya kutafuta ukweli, usinipe sifa hiyo.

Kulikuwa na daktari mmoja mwanamke, Daktari Mwende, mfupi, anaongea huku anaandika. Nilimwambia moyo unakimbia. Sikumwambia habari ya Zainabu. Alinipeleka chumba cha pili kwenye mashine yenye nyaya na akaanza kunibandika kifuani. Nikamshika mkono.

"Hizi zinavuta nini?"

"Hazivuti kitu, mama. Zinasikiliza tu."

"Na mtoto?"

"Mtoto hata hajui kama zipo."

Sikumwamini. Nilizifuata zile nyaya kwa macho mpaka ukutani kuona zimeingia wapi. Akaniambia nilale chali, nikalala. Mashine ikawa inatoa karatasi yenye mistari, na haukupita muda nikaanza kuona giza. Yeye akatazama karatasi, akanitazama usoni, akaniambia upesi, "Geuka. Ubavu wa kushoto."

Maneno yale yale ya Zainabu. Nikageuka, kwa kuwa safari hii nilikuwa na hofu kuliko kiburi. Hata kabla hajasema kitu nilihisi. Kama mtu ameondoa mguu wake shingoni mwangu. Hewa ikaingia mpaka chini. Mashine iliendelea kuandika, naye akaniacha nilale hivyo, kisha akanirudisha chali kidogo, kisha akanigeuza tena, akakata karatasi zile akaziweka kando kwa kando juu ya kitanda.

Alinieleza kwa kidole. Mimba ikiwa kubwa, tumbo ni zito. Ukilala chali uzito ule unakalia mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka miguuni kwenda kwenye moyo. Damu inayorudi inapungua, moyo unaona umepungukiwa, unaanza kukimbia ili kufidia. Ukigeuka ubavu, mshipa unafunguka. Hivyo tu.

Halafu akanionyesha jambo lingine. Kwenye karatasi ya kulala chali vile vilima vya mapigo vilikuwa vimesongamana, nafasi kati yake ni moja, kama vimepimwa kwa rula. Kwenye karatasi ya ubavu nafasi zilikuwa hazilingani, hapa pana kidogo, hapa fupi kidogo. Nikasema, "Kwa hiyo hii ya pili ndiyo mbovu." Akacheka. "Hapana mama. Hii ya pili ndiyo moyo uliopumzika. Moyo mzima hauendi kama saa. Ukivuta pumzi unaharakisha kidogo, ukitoa unapunguza. Ukikazana hivi, pigo moja kama jingine, ujue mwili una shida, unajihami."

Nililala pale ubavuni natazama ukuta wa kliniki. Nikauliza, "Na uji?"

"Uji gani?"

"Nikinywa uji ndipo ulikuwa unakimbia."

"Ulikuwa ukinywa halafu unafanya nini?"

"Nalala."

"Vipi?"

"Chali."

Akaendelea kuandika. "Basi uji hauna makosa. Kunywa, unakufaa. Na yeyote anayekupikia, mwambie asante."

Rukia, nilitoka pale nikakaa kwenye benchi la nje mpaka sista akaja kuniuliza kama nina mtu wa kunipeleka nyumbani. Nilikuwa naye, nikamfukuza.

Sasa hili ndilo kosa langu lenyewe, maana yale ya kwanza naweza kusema sikujua. Nilirudi nyumbani nimeshajua, nikanyamaza. Baba yako alipouliza daktari amesema nini, nikasema amenipa vidonge. Nilimwacha aendelee kuwaza huenda dada yake alikuwa na kitu. Kila siku niliyolala kwa ubavu wa kushoto nikapumua vizuri, nilikuwa nafuata shauri la mtu niliyemwita mchawi. Wakati huo posa ilikuwa haijavunjika bado. Ningepanda gari siku ile ile nikaenda Ruiru nikasema mbele ya watu, huenda isingevunjika. Sikwenda. Niliogopa wanawake wa bombani wataniona mjinga.

Hamisi alipotimiza arobaini nilimbeba nikaenda. Nilimkuta Zainabu anashona sare za shule kwenye chumba cha mbele kwa mama yake. Alimpokea mtoto, akamtazama sana, akamsomea dua. Mimi nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Akaniletea chai ya maziwa. Nikashika kikombe, nikakiinua, na mkono ukakataa. Nakuambia kweli, ukakataa. Nilikuwa najua ukweli wote, nimeonyeshwa kwenye karatasi, na bado midomo ilifungika yenyewe. Nikakiweka chini.

Zainabu alikuwa ananitazama. "Bado, wifi?" akasema.

Nilimchukua mtoto nikaondoka. Miaka saba sikurudi tena. Kwenye misiba nilikaa upande mwingine wa turubai, nawe ukadhani ni yeye aliyejitenga nasi. Nilikuacha udhani hivyo.

Ndipo Ijumaa uliponiambia habari ya mama Idi. Nikaona macho yako, nikayajua. Hukuzaliwa nayo. Ni mimi niliyekulea nikinusa vyakula vya watu, nikikukataza kupokea andazi kwa jirani. Ulikuwa unaniona.

Jana nilipokuambia nakwenda sokoni nilikwenda Ruiru. Zainabu bado anashona, sasa ana chumba chake mwenyewe karibu na stesheni ya treni. Nilimweleza yote: mashine, karatasi, vidonge vya uongo, na maneno niliyokuambia wewe. Hakusimamisha cherehani. Nilipomaliza akakata uzi kwa meno akauliza, "Kwa nini leo?"

Nikasema, "Kwa sababu ya Rukia."

"Kwa hiyo si kwa sababu yangu."

Alinishuku, na safari hii anayeshuku alikuwa sahihi. Akasema, "Mwambie mtoto kwanza. Mimi nimeshazoea." Nilipofika mlangoni akaongeza kwamba nyumba ya mama mkwe wako anaijua, ni mwendo mfupi kwa miguu. Hakusema kama atakuja kukuona. Sikumuuliza kama amenisamehe.

Sikuambii umwamini kila mtu, mwanangu. Mimi mwenyewe sijui hilo linafanywaje. Hata leo asubuhi nilijikuta nawaza kwa nini mama Idi ana haraka ya kukuchukua kabla ya siku zako, nikasimama katikati ya jiko nikajiambia, Halima, ana mtoto mmoja na huyo ndiye mjukuu wake wa kwanza. Mawazo yale hayajaniacha. Huja yenyewe. Ninachoweza sasa ni kuyauliza maswali kabla sijayafungulia mdomo. Moyo ukikukimbia tena, geuka kwanza ubavu wa kushoto. Ukitulia, umeshajua. Ukikataa kutulia, nenda kliniki siku hiyo hiyo uwaambie ulikuwa umelalaje. Usipoteze muda kumtafuta aliyepika, mimi nilimtafuta, na unaona nilichokipata.

Kesho mama mkwe wako akifika nitamkaribisha kiti, na kabla hajanywa chochote nitamwambia nilichokuambia juu ya mkono wake. Nitamwambia mbele yako, kwa jina langu, kwamba ni mimi niliyekufundisha kumwogopa na kwamba hakufanya kosa lolote. Anaweza kukasirika. Anaweza hata kuondoka bila wewe, nasi tutakaa hapa na mizigo imefungwa. Ni bora anikasirikie mimi kesho kuliko akukute wewe kwake unamwaga chakula chake bafuni.

Nitakapokuwa naongea, kaa kimya. Na akinijibu vibaya, usinitetee.

Mama yako,
Halima